Miezi ya Baridi na Betri ya Baba

Wiki iliyopita gari langu lilikataa kuwaka kwenye maegesho ya kazini, Al Mankhool, hapa Dubai. Fundi aliyekuja akafungua boneti, akanionyesha vichwa vya betri vilivyoota unga wa kijani, akavinyunyizia magadi na kumimina maji kidogo. Povu likapanda likichemka, na ikanijia harufu ile, kali kama siki iliyokaa kwenye chuma. Nilisogea kando nikashika mlango wa gari la jirani.

"Madam, imekuingia machoni?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimemkumbuka Tatu. Na kilichonipanda kifuani, baada ya miaka yote hii na utu uzima wote huu, hayakuwa majuto peke yake. Wivu ulikuwepo bado, mdogo na mkavu, umekaa pale pale nilipouacha.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunaishi mtaa wa Satwa, ghorofa ya pili, juu ya duka la mshonaji ambaye cherehani zake tulizisikia miguuni mwetu mchana kutwa. Fleti ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa chetu, mimi na Baba na Mama. Kingine alikaa Da Grace, Mganda aliyekuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Jiko lilikuwa la wote, na ndani ya jiko hilo mlikuwa na friza kubwa la Da Grace, alimokuwa akiweka samaki wake kwa sababu, alivyosema, samaki wa dukani Dubai hawana ladha mpaka umemjua anayewauza. Mama alikuwa akilea watoto wa madam mmoja, akitoka asubuhi mapema na kurudi jioni. Baba alikuwa akisambaza vipuri kwenye magereji kwa pikipiki yake, akifanya kazi kwa mwenye duka ambaye sote nyumbani tulimwita arbab, hata mimi.

Kila Ijumaa alasiri Baba alinipakia mbele yake, juu ya tangi, tukaenda taratibu kupita mtaa wa washonaji, tukazunguka msikiti, tukarudi. Haikuzidi robo saa. Lakini nilikuwa mtoto pekee, na ile robo saa ilikuwa yangu, nikiwa nimefungwa katikati ya mikono yake miwili, kidevu chake juu ya kichwa changu.

Mwanzoni mwa baridi mwaka nilipokuwa darasa la nne, asubuhi moja ya ukungu, gari lilimtokea Baba mbele ghafla. Akailaza pikipiki chini kulikwepa. Pikipiki ilivunjika kioo kimoja tu. Yeye alivunjika muundi wa mguu wa kulia, akafungwa hogo la plasta kutoka vidoleni mpaka gotini, na daktari akamwambia asahau kuendesha mpaka baridi iishe.

Arbab alikuja kumtazama na mfuko wa machungwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda chetu, akasema maneno ambayo Mama aliyarudia wiki nzima. "Baridi ikiisha, nikukute umesimama na pikipiki inawaka, kazi yako ipo. Ikishindikana, khalas, nitatafuta mwingine." Mama alijibu inshallah mara tatu. Hakuna aliyehitaji kunifafanulia. Darasani kwetu dawati la mtu likibaki wazi, tulijua kazi ya baba yake imekwisha, viza imekwisha, na wao wamepanda ndege.

Pikipiki ilisukumwa chini ya ngazi ikafunikwa turubai. Siku hiyo hiyo Baba aliketi kwenye stuli, mguu ameunyoosha, akaitoa betri, na mimi ndiye niliyemshikia spana. Akanifundisha kwamba waya mweusi hutoka kwanza, mwekundu baadaye. Juu chumbani akafungua kile kitabu kilichokuja na pikipiki, akatafuta ukurasa, akanisomea kwa sauti ya mtangazaji: katika miezi ya baridi, toa betri, isafishe, iweke mahali pakavu, usiiache ipatwe na baridi kali.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Baridi ndiye adui wa betri. Huko kwenye barafu zinakufa kila mwaka kama nzi."

Alikuwa anacheka. Baridi yetu ya Dubai ni ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne, na Baba aliona ni kichekesho kusomewa habari za barafu huku dirisha liko wazi. Mimi kicheko sikukisikia. Nilisikia adui, nikasikia kufa. Tukaiweka betri juu ya kipande cha ubao kwenye kona, nami nikaifunika sweta langu la shule la zamani. Baba akaniacha. Nilijua hiyo betri ni yetu sisi wawili.

Wiki mbili baadaye akaja Tatu.

Alikuwa binti wa shangazi yangu, dada pekee wa Baba, kutoka Tanga. Alinizidi miaka miwili. Alishuka uwanja wa ndege na mama mmoja wa Kitanga aliyekuwa anakuja kazini huku, yeye Tatu kichwa kimenyolewa, miguu myembamba, mkononi mfuko mmoja uliokuwa na harufu ya mafuta ya nazi na samaki mkavu. Nikaambiwa shangazi anaumwa, anatibiwa, na Tatu atakaa nasi miezi mitatu kwa viza ya matembezi mpaka mama yake apate nafuu. Nikaambiwa pia nisogee kwenye godoro.

Nisingemchukia kwa godoro. Tatizo lilikuwa asubuhi. Mtu mwenye viza ya matembezi haendi shule. Basi la shule lilipokuwa likinichukua, Tatu alibaki ndani na Baba, na nikirudi saa nane na nusu nilikuta wamekwishaishi siku nzima bila mimi. Nilikuta wamekunywa chai na wamecheka jambo ambalo hawakuweza kunieleza. "Ungekuwepo ungecheka," Baba aliniambia siku moja, na sijui kama kuna neno lililowahi kuniuma zaidi utotoni.

Kwa kuwa Baba hakuweza kuinama, Tatu akawa mikono yake. Alianza kwa kumletea dawa na maji, kisha simu, kisha mita ya kupimia umeme. Siku moja nikakuta sweta langu limekunjwa vizuri juu ya kiti. Tatu alikuwa amepiga magoti mbele ya betri, anasugua vichwa vyake kwa mswaki mzee na magadi, povu likichemka, na Baba anamwelekeza kutoka kitandani.

"Futa kavu. Enhe. Sasa paka mafuta ya mgando, kidogo tu, usiwe kama unapaka chapati. Mashallah! Fundi wangu huyu."

Fundi wangu. Nilisimama mlangoni na begi mgongoni.

"Na mimi nataka," nikasema.

"Wewe una sare, mwanangu. Maji ya betri yakikurukia, Mama yako atanivunja na mguu wa pili."

Nikavua sare, nikavaa gauni la nyumbani, nikarudi. Kazi ilikuwa imekwisha. Tatu alikuwa anafunga kopo la mafuta.

Kuanzia hapo kila siku Tatu aliipima betri, akaandika namba kwenye daftari. Kila wiki ya pili alifungua dirisha, akaunga chaja, akakaa karibu mpaka taa ibadilike rangi. Nikirudi namkuta anamsomea Baba: "Kumi na mbili nukta saba, mjomba." Na Baba anajibu, "Imeshiba. Iache ilale." Walikuwa na lugha yao. Mimi nilikuwa na alama tisini na mbili za hesabu, karatasi nimeikunja mfukoni, na Baba aliitazama, akasema vizuri sana, akairudisha. Nikaona kabisa kwamba namba zangu hazina utamu kama za Tatu.

Nilianza kufanya mambo madogo. Nilificha kalamu ya daftari. Nilimwaga chai yake. Nilimwambia kwamba Dubai watu hawali kwa sauti. Tatu hakunishtaki. Alitafuta kalamu nyingine. Hilo nalo lilinikera, maana Baba alimsifu utulivu wake.

Kisha nikasikia simu. Baba alikuwa jikoni, amesimama na magongo, anaongea na ndugu yake aliyeko Tanga, na mimi nilikuwa bafuni napiga mswaki, mlango haujafungwa vizuri.

"Mtoto hajui kitu," alisema. Akasikiliza. "Hapana, tusimwambie sasa. Atalia bure siku zote hizi. Baridi ikiisha tutampeleka Tanga, tumwambie huko huko, kwa utaratibu."

Nilitema povu nikasimama pale. Nyumbani kulikuwa na watoto wawili. Tatu wa Tanga alijua kwamba atarudi Tanga, kila mtu alijua, na tarehe ilikuwa imegongwa kwenye pasi yake. Kwa hiyo hapakuwa na cha kumficha. Mtoto asiyejua, mtoto atakayelia, mtoto wa kupelekwa, alikuwa ni mimi. Wamepata fundi, wanamrudisha mwenye sare. Leo naiona hesabu hiyo na kuhurumia kichwa kilichoifanya, lakini siku ile iligawanyika bila baki.

Jumatano ya wiki hiyo Baba alikuwa na miadi hospitalini, na Tatu akaenda naye kumshikia faili. Nilirudi kutoka shule nikafungua kwa ufunguo wa shingoni, fleti tupu. Nikaenda moja kwa moja kwenye kona. Nilikumbuka kitabu kilichosema nini. Nilitaka betri ife mikononi mwa Tatu, Baba aone kwamba hakuwa fundi wa chochote. Kwamba betri ikifa kazi ya Baba inaweza kwenda nayo, sikuliwaza hata mara moja. Wivu ulikuwa umechukua nafasi yote.

Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Niliibeba tumboni kama mtoto mchanga, nikafungua friza, nikaondoa mifuko ya samaki, nikailaza chini kabisa, nikarudisha samaki juu. Kisha nikanawa mikono mara mbili, nikakaa kufanya kazi za shule.

Walipofika jioni nilimtazama Tatu akienda kwenye kona na mita mkononi. Alisimama. Akainua ubao, akatazama chini yake, jambo la kipumbavu, betri haiwezi kujificha chini ya ubao. Akatazama chini ya kitanda, nyuma ya pazia. Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa umepauka.

"Vipi leo?" Baba aliuliza kutoka sebule ndogo ya kati, anavua kiatu.

Tatu aliinua mita kana kwamba anaisoma. "Kumi na mbili nukta saba, mjomba."

Akachukua lile sweta langu la zamani, akaliviringisha juu ya ubao ili kuonekane kuna kitu. Alifanya hivyo siku mbili. Siku mbili alisoma namba za uongo, na kila Baba alipopumzika alitafuta: kabatini, kwenye ndoo za nguo, chini ya ngazi. Alhamisi nilimsikia analia bafuni huku amefungua bomba. Ningependa kuandika kwamba roho iliniuma. Ilifurahi.

Ijumaa, baada ya swala, Da Grace alifungua friza kutoa samaki wa mchana.

"Banange! Nani ameweka hii kitu kwa samaki yangu?"

Baba alikuja kwa magongo. Mama alikuwepo, ilikuwa siku yake ya mapumziko. Betri ilikuwa juu ya meza ya jikoni, imeota ukungu mweupe wa baridi, na tone la maji linashuka ubavuni. Baba aliitazama, kisha akamtazama Tatu.

"Jana uliniambia nukta saba. Ulipima nini?"

"Nilidanganya, mjomba. Niliikosa. Niliogopa utanirudisha."

"Nani ameiweka humu?"

Tatu alininyooshea kidevu. "Yeye. Siku tuliyokwenda hospitali, tuliporudi haikuwepo."

"Siku gani? Nitajuaje mimi, na wewe namba zote ulizoniletea ni za uongo?"

"Mjomba, mimi najua baridi haiiui ikiwa imeshiba. Wewe mwenyewe ulinifundisha, iliyoshiba chaji haigandi. Ningetaka kuiua ningeiacha tu na njaa." Alisema upesi, bila kulia, kama mtu anayeeleza njia. "Asiyejua ndiye angeiweka kwenye friza."

Sasa naona kwamba kila kitu kilikuwa ndani ya sentensi hiyo. Baba alikuwa mtu wa akili. Angeisikiliza pumzi moja zaidi, angejua. Lakini alikuwa amegeuka kwangu.

"Ni wewe?"

"Wallahi si mimi, Baba."

Sikuwahi kuapa kabla ya siku ile. Da Grace alinitazama, akarudi kwa samaki wake. Baba akashusha pumzi.

"Mwanangu hajui kuapa uongo," alisema. "Hapa leo mwongo ni mmoja, na amekiri mwenyewe. Daftari mpe mwenzako."

Betri iliachwa mpaka jioni ipate joto la chumba. Mimi ndiye niliyeipima, Baba akiniongoza mkono. Kumi na mbili nukta sita. Haikuwa imepatwa na lolote. Baba akasema, "Alhamdulillahi," akanigusa shavu. Nilikuwa nimeshinda kila kitu nilichokitaka.

Tatu hakubadilika sana kwa nje. Alimpelekea mjomba wake chai, alimshikia magongo. Ila hakukaa tena ukingoni mwa kitanda cha mjomba kuzungumza, na Baba hakumwita fundi. Mimi nikirudi kutoka shule nilifunua daftari, nikapima, nikasoma namba. Baba alijibu, "Imeshiba," kwa sauti ya mtu anayejibu salamu.

Baada ya siku kumi na moja ilipigwa simu kutoka Tanga. Mama alirudishwa mapema kutoka kazini, na nilipoingia nilimkuta amemkumbatia Tatu sakafuni, kanga imewafunika wote wawili, na Baba ameketi na hogo lake, mikono usoni. Shangazi alikuwa amefariki. Walijua tangu mwanzo kwamba hataweza kupona, ndiyo sababu walimtoa mtoto asione. Mtoto hajui kitu. Nilisimama na begi langu mgongoni, nikaelewa mtoto alikuwa nani.

Yule mama wa Kitanga aliyemleta alimtafutia msafiri wa kwenda naye. Baba asingeweza kupanda ndege. Siku ya kuondoka Tatu alikunja nguo zake chache mwenyewe, na mimi nikakaa kwenye godoro nikitafuta namna ya kuanza. Alifunga zipu ya mfuko. Akatazama kwenye kona.

"Jumapili ni zamu ya chaja," akaniambia. "Fungua dirisha kwanza."

Nikasema sawa. Hilo tu ndilo nililosema.

Nilifungua dirisha Jumapili ile, na Jumapili nyingine baada ya wiki mbili. Niliitunza betri ile kuliko nilivyowahi kutunza kitu, nikasugua, nikapaka mafuta, nikaandika. Chini ya namba za Tatu, zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri wa kulala, zangu zilikuwa zinapanda na kushuka kama mende. Baba alikatwa hogo. Akaanza kutembea kwa gongo moja, kisha kwa fimbo. Joto likaanza kurudi, mshonaji wa chini akawasha tena kiyoyozi chake, na arbab akapiga simu kusema atakuja Jumamosi kutazama.

Tulishuka chini ya ngazi Alhamisi alasiri. Baba alitoa turubai. Nilifunga waya mwekundu kwanza, kisha mweusi. Alibonyeza mara moja, na pikipiki ikawaka, ikanguruma chini ya ngazi mpaka washonaji wawili wakatoka kutazama. Baba alicheka kwa sauti, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu siku ya friza. Kisha akatoa simu.

"Ngoja nimwambie fundi," akasema.

Hakunikusudia mimi. Alipiga Tanga, akamsalimia, akaisogeza simu kwenye injini. "Unasikia? Unasikia hiyo, Tatu?" Halafu akanipa. "Mwambie mwenzako."

Nilishika simu kwa mikono miwili. Nilisikia kuku nyuma ya sauti yake, na mtu anatwanga.

"Ni mimi niliyeiweka kwenye friza," nikasema.

"Najua."

"Mbona hukusema tena? Mbona ulinyamaza?"

"Nilisema," Tatu akasema. "Nilisema mbele yenu wote. Mlitaka niseme mara ngapi?"

Tumekuwa watu wazima, ana watoto, tunapigiana simu sikukuu na kuulizana afya, na hatujawahi kuligusa jambo hilo tena.

Nilipoinua macho Baba alikuwa amezima injini. Sijui alikuwa ameizima tangu lini. Sikuwahi kuchapwa na Baba, na siku ile pia hakunichapa. Alinyoosha mkono, nikampa simu.

"Tatu," alisema. "Tatu, mama yangu. Nisamehe."

Akaondoka na simu sikioni, akichechemea na fimbo, akapita duka la mshonaji, akapita gereji ya jirani, mpaka mwisho wa uchochoro ambako nisingeweza kusikia neno hata moja. Alisimama huko amenipa mgongo, ameinamisha kichwa, akiongea na kunyamaza, akiongea na kunyamaza, nusu saa nzima au zaidi. Nilisimama karibu na pikipiki nikimsubiri. Nilikuwa na aibu iliyoniwasha mwili mzima, nilijua nimefanya nini na nilimfanyia nani. Na bado, Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu dakika anazompa.